Nati Hukazwa kwa Mizani, si kwa Hasira

Maziko hayamngoji mtu. Kwetu sisi watu wa pwani, akifa mtu alfajiri huzikwa adhuhuri, na aliye mbali akichelewa huambulia kusoma dua kaburini. Mimi niliyakosa maziko ya rafiki yangu tuliyesoma naye chuoni, ambaye ukubwani alihamia Jilore. Kilichonichelewesha hakikuwa mto Sabaki kufurika, wala mvua, wala ndovu wa Arabuko-Sokoke. Ilikuwa ni bolti moja ndogo, isiyozidi kidole gumba, iliyokazwa na mtu mwenye nguvu nyingi na mizani kidogo.

Yamkini msomaji utauliza: habari za bolti na nati zina nini na ukurasa huu wa utamaduni? Ufundi nao ni utamaduni. Babu zetu hawakuona haya kuzungumza barazani juu ya misumari ya jahazi na pamba ya kalafati, kwani walijua kwamba roho za watu zilikuwa juu ya mbao zile. Leo chombo kilichobeba roho za watu katika vijiji vyetu vya ndani ni pikipiki. Ndiyo impelekayo mama mjamzito hospitali usiku wa manane, ndiyo ileteayo maembe sokoni, ndiyo imfikishayo mwalimu skuli. Basi adabu ya kuitunza haina budi kuingia katika mazungumzo yetu.

NJIA YA JILORE

Jilore iko magharibi ya Malindi, kando ya Sabaki, mto ule ule ambao huko juu huitwa Galana na Athi. Upande wa kusini umelala msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Bondeni liko ziwa la Jilore, ambalo hujaa mto unapofurika na kukauka mto unapofanya uchoyo. Ukiiacha barabara kubwa na kushika njia za ndani, utakutana na mchanga mwekundu unaomeza gurudumu wakati wa kiangazi, na udongo wa bondeni unaonata kama ulimbo wakati wa masika. Katikati ya hayo kuna mizizi, mashimo na makorongo.

Katika miaka ya 1970 na 1980, pikipiki zilizoonekana katika njia za namna hii aghalabu zilikuwa zile ndefu za porini za Yamaha na Honda, zilizopandwa na maafisa wa kilimo, wa misitu na wa afya. Zilikuwa zimeundwa kwa kazi hiyo: springi ndefu, tairi za meno, ekzosi iliyoinuliwa juu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 2000, kodi ya pikipiki ndogo ilipopunguzwa nchini Kenya, zikamiminika zile za kutoka India na Uchina, na bodaboda ikaenea kila kijiji. Hizi nyingi ziliundwa kwa ajili ya barabara nzuri, lakini kwetu zimetiwa porini bila ya kuulizwa. Zinabeba watu watatu, gunia na mtungi, na zinatikisika kutwa nzima. Kila mtikisiko unauliza nati swali moja tu: umeshika, au hukushika?

KILICHONIPATA

Siku ile niliazima pikipiki ya ndugu yangu, ambayo siku mbili kabla ilikuwa imebadilishwa oili katika gereji moja. Nikashika njia za ndani za upande wa Kakuyuni nikidhani nafupisha safari. Nilikuwa nimebakisha mwendo mfupi kufika Jilore nilipohisi joto likinipanda miguuni, kisha injini ikaanza kulia sauti ya kukwaruza, na nguvu ikapungua. Nikazima upesi. Nilipoinama kutazama, tumbo la injini lilikuwa limelowa, na nyuma yangu mchanga ulikuwa na mstari mweusi wa matone. Bolti ya kumwagia oili, ile iliyo chini kabisa ya injini, ilikuwa inacheza kama jino bovu.

Nilisukuma chombo juani hadi kwa fundi, kijana wa Kigiriama aliyefanya kazi chini ya mwarobaini. Nikamwambia, "Fundi, nati ya huku chini haikukazwa vizuri, imelegea njiani."

Akaingiza vidole, akaitoa bolti bila ya spana, akaitazama kwenye mwanga. Baina ya hesi zake, yaani ile mikato ya mzunguko, palikuwa na nyuzi za chuma cheupe zilizojiviringa kama maganda ya nazi iliyokunwa vibaya.

"Mzee wangu," akasema, "hii haikulegea kwa kukazwa kidogo. Hii ilikazwa hata ikafa. Bolti ni ya chuma kigumu, na tumbo la injini ni la alumini, chuma laini. Huyo aliyekaza alitia bomba kwenye spana akasimama juu yake. Hesi za injini zikakatika hapo hapo gereji. Wewe umetembea na bolti iliyokuwa imesimama tu, haikushika kitu."

Nikatazama jua. Adhuhuri ilikuwa imepita.

BOLTI NI WAYA WA UDI

Fundi yule alihitaji muda wa kuchonga hesi mpya, kubwa zaidi kidogo, kutafuta bolti ya kuzifaa, na kuosha ndani ili zisibaki chembe za chuma. Muda wote huo alinisomesha, nami nikakaa kama mwanafunzi. Niliyoyasikia kwake nimeyalinganisha baadaye na vitabu vya wahandisi, na nimeona kwamba hakukosea.

Watu wengi hudhani bolti ni kama msumari: imo ndani, basi imeshika. Sivyo. Bolti hushika kwa sababu imevutwa. Unapozungusha nati, unairefusha bolti kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, nayo kwa kutaka kurudi katika urefu wake huvibana vile vitu viwili pamoja. Bolti ni springi ngumu. Au, kwa lugha ya watu wa taarabu, bolti ni waya wa udi. Waya uliolegea hautoi sauti. Waya uliokazwa sawa huimba. Ukizidi kuzungusha kigingi, waya hukatika na kumpiga mpigaji usoni.

Bolti isiyovutwa vya kutosha haibani, na visivyobanwa huteleza. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba kinachofungua nati hasa si kuvutwa juu na chini, bali ni kule kusukumwa ubavuni, huku na huku, mara nyingi. Vitu viwili vikianza kuteleza kimoja juu ya kingine, msuguano unaoishika nati hupotea kwa nukta, na nati hurudi nyuma kidogo. Halafu tena. Mashimo ya Jilore hufanya kazi hiyo bila ya malipo.

Bolti iliyovutwa kupita kiasi nayo hupoteza uspringi wake. Hurefuka na isirudi, ikawa kama mpira wa suruali ya zamani. Ama hesi hukatika, kama zangu. Ama bolti hubaki nzima kwa macho lakini imechoka, ikangoja siku ya mzigo mkubwa ili ivunjike. Ndiyo maana kukaza sana na kukaza kidogo mwisho wake ni mmoja.

MIZANI YA SAMAKI

Vitabu vya pikipiki hutaja kipimo cha kila nati. Vile vya zamani vilikuwa vikitumia kilo kwa mita; vya sasa hutumia Newton kwa mita, na kilo mita 1 ni karibu Newton mita 10. Maana yake ni nyepesi: ukivuta kwa nguvu ya kilo 1 mwisho wa mkono wa urefu wa mita 1, umekaza kilo mita 1. Spana yako ikiwa fupi, ya sentimita 20, itakubidi uvute kilo 5 kupata kipimo hicho hicho.

Ziko spana maalumu zenye kipimo ndani yake, ambazo hutoa mlio zikifika, lakini bei yake si ya kila fundi. Yule wa Jilore alikuwa na dawa yake. Mtini palining'inia mizani ya ndoana, ile ile wanayopimia samaki wachuuzi wetu. Alitia ndoana kwenye tundu la mwisho wa spana, akavuta taratibu, mizani ikiwa imesimama mraba na spana, si kwa mshazari, na macho yake yakiwa kwenye namba. Ilipofika kilo alizotaka, akaacha. Hakuongeza hata moja "ya baraka".

Kwa bolti za kawaida zisizo na kipimo maalumu kitabuni, hesabu ni kama hivi. Bolti ya unene wa milimita 6, ambayo aghalabu hufunguliwa kwa spana namba 10 au 8, yataka kilo mita 1 tu. Ya milimita 8, ya spana namba 12 au 13, yataka kama kilo mita 2 na nusu. Ya milimita 10, ya spana namba 14 au 17, yataka kama 3 na nusu. Bolti ya oili ya pikipiki nyingi ndogo, ijapokuwa ni nene, hutosheka na 2 na nusu hadi 3, kwa kuwa imeingia kwenye alumini. Sasa fikiri mtu wa kilo 60 akisimama juu ya spana ya sentimita 30: hizo ni kilo mita 18, mara sita ya haki yake!

Jambo la pili alilonieleza ni la mafuta. Katika kila sehemu 10 za nguvu unayotia kwenye spana, karibu 9 huliwa na msuguano, chini ya kichwa cha bolti na ndani ya hesi. Moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Kwa hiyo ukipaka grisi au oili kwenye hesi, msuguano hupungua, na mkono ule ule huivuta bolti kwa nguvu zaidi kuliko ulivyokusudia. Sisi watu wa karibu na bahari tunapenda kupaka grisi ili kuzuia kutu, na si vibaya, lakini aliyepaka na apunguze mkono. Vipimo vya vitabu kwa kawaida ni vya hesi safi na kavu, isipokuwa kitabu kiseme vingine. Kinyume chake, hesi yenye mchanga na kutu huula mkono wote: spana inasema imekaza, na bolti haikuvutwa kitu.

ADABU ZA KUKAZA

Nimezikusanya hapa adabu alizonionyesha, ili kijana mwenye chombo azifuate hata asipokuwa fundi.

Kwanza, safisha. Piga hesi brashi, futa mchanga mahali bolti inapokalia. Chembe moja ya mchanga ikibanwa leo, kesho itasagika, na pale ilipokuwa patabaki nafasi.

Pili, anza kwa vidole. Bolti yoyote iingie mizunguko kadhaa kwa vidole vitupu. Ikikataa, usiilazimishe kwa spana, kwani imeingia upande. Irudishe nyuma mpaka uisikie inadondoka katika njia yake, ndipo uende mbele.

Tatu, penye bolti nyingi usimalize moja ukaenda nyingine. Kaza zote nusu, kisha zote sawa, ukivuka kutoka hii hadi ile inayoikabili, kama afungaye mzigo juu ya punda: ukivuta upande mmoja peke yake, mzigo hupinda. Hivi ndivyo zinavyokazwa bolti za sproketi na za mifuniko ya injini. Za kichwa cha silinda zina amri zaidi: injini iwe baridi, na kipimo kiwe cha kitabu hasa. Hapo asiyekuwa nacho asiguse.

Nne, plagi. Izungushe kwa mkono mpaka ikae. Ikiwa mpya, iongeze nusu mzunguko kwa spana ili washa yake ilaliane. Ikiwa ni ile iliyokwisha kutumika, kidogo tu, chini ya robo. Plagi nayo imeingia kwenye alumini, na hesi zake zikiharibika gharama yake haifanani na ya plagi.

Tano, ekseli ya nyuma. Kila unaporekebisha cheni, nati hii hulegezwa, na wengi huisahau. Cheni ya pikipiki nyingi ndogo hutakiwa kucheza sentimita 2 hadi 3, na zile ndefu za porini zaidi kidogo. Kaza nati ya ekseli kwa kipimo, kisha ipime cheni tena, kwani hubadilika wakati wa kukaza. Ikiwa nati ina tundu la pini, pini irudi. Waya wa kufungia kuni si pini.

Sita, usibadilishe bolti kwa sura. Bolti njema ina namba kichwani, kama 8.8. Namba hiyo ni ahadi ya chuma chake: jinsi kinavyostahimili kuvutwa kabla ya kukatika, na ni kiasi gani cha nguvu hiyo kinaweza kubeba na bado kikarudi katika urefu wake. Bolti ya kufungia mabati inaweza kuingia tundu lile lile, lakini haikutoa ahadi hiyo.

Saba, tia alama. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma cha pembeni. Siku mstari ukikatika, umeambiwa bila ya spana.

GURUDUMU LINALOIMBA

Mwisho akanionyesha jambo lililonifurahisha ijapokuwa nilikuwa na huzuni. Aliinua gurudumu la mbele, akalizungusha polepole, na kwa ncha ya spana akawa anazigonga spoki moja moja. Ting, ting, ting. Kisha ikaja moja ikasema tap. Akasimama. "Hii hapa imelala," akasema, na akaizungusha kichwa chake robo tu. Akagonga tena, nayo ikajiunga na wenzake.

Kumbe kijana yule hakuhitaji kitabu kumweleza kwamba nati ni ya kusikilizwa. Na sisi tulitakiwa kulijua hilo kabla yake. Mitepe ya zamani ilishonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, na mshonaji aliisoma kamba kwa kidole, isilegee ikavuja, isikazwe ikala ubao. Fundi wa kalafati hushindilia pamba baina ya mbao kwa kipimo: akipunguza, maji huingia, akizidisha, mbao husukumana na mwanya huzidi. Mpiga udi hukaza na kusikiliza. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedhani kwamba nguvu ndiyo ufundi.

Na juu ya hayo, sisi ni watu tuliosomeshwa Suratur-Rahman tangu tukiwa wadogo. Tunajua humo mizani imetajwa mara ngapi, na tunajua kwamba tumekatazwa kuizidisha na kuipunguza pia. Mwenye duka akipunja robo ya sukari tunamlaumu msikitini. Lakini mwenye spana akipunja nati ya ekseli, au akaizidishia mpaka ikafa, twasema ni ajali, kudura ya Mwenyezi Mungu. Kudura ni haki. Ila kila mtoto wa chuoni anakijua kisa cha yule bedui na ngamia wake, na jibu alilopewa na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouliza kama amwache bila ya kumfunga.

Nilifika kaburini baada ya Alasiri. Watu walikuwa wamekwisha tawanyika, na maji yaliyomwagiwa kaburi yalikuwa yamekauka. Jamaa wa marehemu hawakunilaumu, walinikaribisha kahawa. Nilisoma nilichoweza kusoma, nikamwombea rafiki yangu, kisha nikamwomba radhi kwa kuchelewa.

Niliporudi kwa fundi kumlipa akaniagiza, "Mzee, ukifika Malindi, injini ikipoa, itazame ile bolti. Itazame tu, usiiongeze."

Nikafika, nikainama na kurunzi. Mstari wake wa rangi ulikuwa haujakatika, na chini palikuwa pakavu. Nami nikaiacha kama ilivyo.